Watu wa Kwenu Wamewahi Kufika Hapa

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, namvalisha bibi soksi zake za kubana miguu. Soksi hizo hazitaki haraka. Unazigeuza mpaka kisiginoni, unaingiza vidole, kisha unazipandisha kidogo kidogo, maana ngozi ya mtu wa miaka 92 ni ganda la kitunguu. Ilikuwa Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje kungali giza. Akanitazama kutoka juu, akasema:

"Watu wa kwenu wamewahi kukaa kijijini kwetu. Wale wavulana wawili. Walikaa kwa kasisi."

Nikamwitikia, "Ndiyo, bibi."

Ilikuwa ile ndiyo tunayowapa wazee tukidhani wamepotea njia ndani ya vichwa vyao. Nimeitoa mara nyingi katika kazi hii. Bibi akiuliza kama treni ya saa mbili imepita, na reli yenyewe iling'olewa zamani, nasema ndiyo. Nikamfunga viatu, nikamtilia Weetabix yake maziwa ya moto, nikaandika kwenye simu ya kazi kwamba amekula vizuri, nikaondoka kwenda nyumba inayofuata. Nusu saa niliyopangiwa ilikuwa imekwisha.

Lakini kama alikuwa anaweweseka, huyo kasisi alitokea wapi?

Swali hilo lilinikalia kichwani wiki tatu.

Mji wa viatu

Kwa sisi tuliokuja huku Uingereza kubeba boksi, mji wa Kettering ni maghala yaliyo kando ya barabara ya A14, hospitali, na nyumba za wazee. Nimeishi hapa miaka minne nikiujua mji kwa ratiba za basi tu. Bibi ndiye aliyenifungulia mlango wa pili.

Alizaliwa mwaka 1932 Twywell, kijiji kilicho kama kilomita 10 mashariki mwa mji. Mwaka huohuo Weetabix ilianza kutengenezwa Burton Latimer, hapa jirani, na kampuni ilianza kwa jina la British and African Cereal Company. Nilikuwa nikiitia kwenye bakuli lake kila asubuhi bila kujua kwamba wamezaliwa pamoja.

Baba yake alichimba mawe ya chuma. Ukanda huu umelala juu ya mwamba wenye chuma, na mwamba wenyewe hauko mbali chini, kwa hiyo walikuwa wanafukua mashamba, wanatoa mawe, kisha wanarudisha udongo au wanaacha handaki wazi. Bibi anakumbuka buti zenye vumbi la rangi ya kutu ambazo hazikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Anakumbuka maji ya beseni baada ya baba kunawa.

Alikuwa na miaka 10 Wamarekani walipoanza kurusha ndege zao kubwa za mabomu kutoka Grafton Underwood, si mbali na kwao. Shambulio lao la kwanza la ndege hizo kutoka Uingereza, tarehe 17 Agosti 1942, lilianzia uwanja ule, likaenda Rouen, Ufaransa. Safari yao ya mwisho ya vita, Aprili 1945, nayo ilikuwa na ndege zilizotoka hapo. Watoto wa vijijini walizihesabu zikiondoka asubuhi na wakazihesabu tena zikirudi.

"Ile hesabu ya jioni hatukuisema mezani," aliniambia.

Alipofika miaka 15 akaanza kupanda treni kwenda kiwandani Kettering. Mji huu uliishi kwa viatu. Wanaume walikata ngozi, wanawake wakashona sehemu ya juu ya kiatu, na king'ora cha kiwanda kikawa ndiyo saa ya mtaa mzima. Alinieleza jinsi mkataji mzuri alivyoisoma ngozi kabla ya kuigusa na kisu. Alitafuta kovu la seng'enge, tundu la mdudu, mahali ngozi ilipolegea tumboni, ili lolote kati ya hayo lisitokee kwenye pua ya kiatu. Hata leo nikimvua viatu, bibi huvigeuza akatazama mshono. Ni viatu vya dukani, vya bei rahisi. Hasemi kitu, anavirudisha chini.

Siku za mapumziko walikwenda Wicksteed Park, bustani aliyoifungua mwenye kiwanda Charles Wicksteed mwaka 1921 ili watoto wa mji wapate pa kuchezea. Treni yake ndogo imekuwa ikizunguka tangu 1931. Nami nimeipanda, na wanangu.

Haya yote alinipa kwa vipande, soksi moja hadi nyingine, akiniita "bata wangu" kama wenyeji wa pande hizi wanavyoitana wakipendana. Yote niliyaamini.

Nilikataa kuamini jambo moja tu, nalo ndilo lililonihusu mimi.

Tarehe iliyo mwishoni mwa utangulizi

Usiku mmoja baada ya zamu nikaandika kwenye simu "Twywell" na "kasisi". Sikuhitaji dakika tano.

Jina la kasisi ni Horace Waller. Alipewa parokia ya Twywell mwaka 1874 na akakaa nayo mpaka 1895. Kabla ya hapo, mwaka 1861, alikuwa na wamisionari wa Kianglikana waliokwenda bonde la mto Shire, katika nchi inayoitwa Malawi leo. Huko alimfahamu David Livingstone, na huko alikutana na mtoto wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka uleule. Mtoto huyo aliitwa Chuma.

Livingstone alipofariki, Waller ndiye aliyepewa kazi ya kuhariri shajara zake za mwisho, na vitabu viwili vikatoka mwaka uleule wa 1874. Mwishoni mwa utangulizi ameweka mahali na tarehe: nyumba ya kasisi, Twywell, 2 Novemba 1874. Na ndani ya utangulizi huo anasema kwamba Susi na Chuma, waliosafirishwa kuja Uingereza kwa gharama za James Young, rafiki wa marehemu, walikaa naye miezi minne wakimsaidia kuzielewa shajara.

Susi na Chuma.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Nilipokuwa darasa la tano tulipelekwa kwa lori mpaka Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone. Nakumbuka mlango uliochongwa, kivuli cha miembe, na mwalimu akitusisitiza tuandike. Nimetoka huko, nimevuka bahari, na kwa miaka minne nimekuwa nikiishi mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka kijiji ambacho watu wale wamekumbukwa miaka 150 kwamba walilala humo.

Bibi hakuwa amepotea njia. Mimi ndiye niliyekuwa sijui nimesimama wapi.

Jina moja lenye watu wawili

Shuleni tuliyakariri majina yao kama neno moja: SusinaChuma. Lilikuwa jibu la mtihani. Nani walibeba mwili wa Livingstone? SusinaChuma. Alama mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, na Chuma alikuwa Myao, wala kwamba mmoja alikuwa mkubwa kuliko mwenzake, wala kwamba walikuwa na wake.

Nilipoyaandika haya kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku, majibu yakagawanyika. Dada mmoja alitaka twende wote Jumapili inayofuata. Kaka mmoja akaandika, "Hao si walikuwa wanambeba mzungu? Cha kujivunia nini hapo?"

Nililala na swali hilo, na sikulipata jibu usiku ule wala uliofuata. Ana haki ya kuuliza. Kwenye kaburi la Livingstone, Westminster Abbey, jiwe linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Imetajwa mikono. Jina la mwenye mkono halipo hata moja. Hata hapa Kettering, nembo ya halmashauri ya mji, ile iliyovunjwa mwaka 2021, ilikuwa na mtu mweusi mwenye mnyororo uliokatika, kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa Jamaica. Anayetajwa ukiuliza habari za nembo hiyo ni William Knibb, mmisionari aliyezaliwa hapa mwaka 1803. Alistahili, alipigania kweli. Lakini yule wa kwenye nembo hana jina.

Kilichonigeuza ni jambo dogo ambalo Waller mwenyewe amelisimulia katika utangulizi ule. Alikwama mahali, hajui mito ya eneo fulani inagawanyika vipi. Susi akaondoka. Baada ya saa chache akarudi na mchoro wa mito yote ya eneo lile, na Waller alipoulinganisha na ramani ya Livingstone ukakubaliana nayo vizuri. Akakiri kwamba hawa walikuwa wanajiografia wa kweli.

Nimeisoma aya hiyo mara nyingi. Susi amekaa kwenye nyumba ya mawe, katikati ya Northamptonshire, amezungukwa na lugha ambayo si yake, na ndani ya kichwa chake mito imetulia mahali pake yote. Baada ya kuisoma hiyo sikuweza tena kumwona kama mikono.

Kitanda

Niliendelea kusoma ndani ya basi, kati ya nyumba moja na nyingine. Nikafika kwenye siku za mwisho za Livingstone, mgonjwa asiyeweza tena kutembea wala kukaa juu ya punda, na katikati ya Kiingereza cha mwaka 1874 nikakutana na neno *kitanda*.

Waller hakulibadilisha. Livingstone alibebwa kwenye kitanda, na kitanda ndivyo kilivyoandikwa.

Ilibidi nifunge simu.

Kazi yangu ni miili ya watu. Najua mwili uliolegea una uzito ambao mzani hauuoni. Sisi tuna winchi ya kumnyanyua mgonjwa, tuna shuka la kutelezesha, na utaratibu wa kazini unataka tuwe wawili. Nikausoma upya mwaka 1873 kwa macho hayo. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei, kijijini kwa Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Zanzibar, ndiye aliyekata, akishirikiana na Carras. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakiugeuza ili ukauke sawasawa. Nimewageuza wagonjwa kitandani kila saa mbili usiku kucha, kwa hiyo hilo la kugeuza halikupita hivihivi machoni pangu. Kisha wakaufunga kwa kitambaa, magome ya mti na turubai, wakautundika kwenye mti wa kubebea.

Wakatembea zaidi ya kilomita 1,600 mpaka Bagamoyo.

Walipita kwetu. Mwezi Oktoba 1873, hapo Unyanyembe, walimkuta Luteni Cameron na msafara wa Waingereza uliotumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa. Mbele zaidi, njia ilipotishia kufungwa kwa sababu watu hawakutaka maiti ipite, wakatengeneza furushi la uongo na kuwatuma watu warudi nalo, kana kwamba maiti inarejeshwa ikazikwe. Maiti yenyewe wakaifunga upya ifanane na mtumba wa nguo. Wapo waliokufa njiani. Wanawake pia walikuwamo, Halima mpishi akiwa mmoja wao, na mwalimu wangu wa darasa la tano hakuwahi kumtaja Halima. Bagamoyo walifika Februari 1874.

Ninapomfikiria kaka yule wa WhatsApp, nadhani jibu langu ni hili: hakuna aliyebaki hai wa kuwaamrisha. Bwana alikuwa amekufa, na mzungu mwingine aliyewakuta njiani aliwapa ruhusa ya kuutua mzigo. Wakaamua wao. Sababu zao zingeweza kuwa nyingi: upendo, heshima, hofu ya kushukiwa wamemuua, mshahara wanaodai. Binadamu anaweza kuwa na zote kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe sijawahi kumnyanyua mtu kwa sababu moja tu.

Jumamosi ya Aprili

Nilikwenda peke yangu. Twywell ni kijiji cha nyumba za mawe, na kanisa la Mtakatifu Nicholas limekaa katikati yake kama mzee wa ukoo. Nilitembea polepole. Nyasi makaburini zilikuwa zimelowa, na kila jina nililosoma ni la mtu ambaye bibi angeweza kunieleza alikuwa mtoto wa nani.

Kuhusu Waller bado nimegawanyika, na sitaki kujifanya nimemaliza. Aliichukia biashara ya watumwa maisha yake yote, na hilo halina shaka. Aliwakaribisha Susi na Chuma, akakiri walichokijua. Lakini huyohuyo alipohariri shajara aliondoa maneno ya Livingstone ambayo yangemchafua shujaa: ukali wake kwa wenzake, na baadhi ya mambo ya wafuasi wake ambayo hayakupendeza. Mwaka 2011 watafiti walitumia mwanga wa kamera maalumu kusoma shajara ya mwaka 1871, ile ambayo Livingstone aliiandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea alipokosa karatasi, na wasomaji wakaona umbali uliopo kati ya maandishi yale ya kwanza na kitabu kilichotoka. Mkono wa Livingstone mwenyewe ulishapunguza kabla mwingine haujafika.

Kwa hiyo hapo nilipokuwa nimesimama ni mahali palipotunza ukweli na palipokata ukweli, na Susi na Chuma walikuwa ndani wakati huo. Waliulizwa mito. Waliombwa wamtengenezee mchoraji mfano wa kibanda alimofia Livingstone, na mfano wa kile kitanda, nao wakavitengeneza. Nimefikiri sana juu ya hilo. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu walipokibeba kitanda chenyewe, na sasa walikuwa wanakichonga kidogo cha kushikika mkononi.

Baadaye wakarudi. Chuma aliongoza misafara mingine, ukiwemo wa Joseph Thomson, akafariki Zanzibar mwaka 1882. Susi alifanya kazi na Stanley huko Kongo, kisha naye akafia Zanzibar, mwaka 1891.

Kabla ya kuondoka nilishuka kwenye mashimo ya zamani ya mawe ya chuma nje ya kijiji. Siku hizi ni hifadhi, inaitwa Twywell Hills and Dales. Handaki ni refu na lina kuta za mwamba, na miti imejiotea humo yenyewe. Watu walikuwa wanatembeza mbwa. Niliinama nikaokota kijiwe cha rangi ya kutu, nikakitia mfukoni.

Jumatatu

Nilimwekea bibi kijiwe kile kwenye kiganja kabla hata sijavua koti. Akakigeuza, akakinusa.

"Umefika," akasema.

Nikamwambia nilikuwa na deni lake la kumwomba radhi, kwamba aliponieleza habari za wageni wa kasisi sikumwamini. Akapunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Akataka kujua walivyoitwa. Kwao walisema tu wavulana wa Livingstone.

"Hawakuwa wavulana, bibi. Walikuwa watu wazima. Mmoja Susi. Mwingine Chuma."

Akajaribu. Susi likampa wepesi, Chuma likamshinda mara mbili kabla halijakaa. Akauliza lina maana gani kwetu. Nikamweleza kwamba mwenyewe alikuwa Myao, na kwao huenda lilisikika vingine, lakini sisi Waswahili tukilisikia tunasikia kile alichokishika mkononi.

Akakitazama kijiwe. Akakaa kimya muda mrefu, na nusu saa yangu ilikuwa inakwenda, nikaiacha iende.

"Baba alikuwa anarudi nacho kwenye buti," akasema.

Nikapiga magoti nikaanza soksi ya kwanza. Nilipofika kwenye kisigino akauliza kama treni ya saa mbili imepita.

Nikaacha kuvuta. "Kituo cha Twywell kilifungwa mwaka 1951, bibi."

"Najua," akasema. "Nilipanda ile ya mwisho."